Maswali ya Wasomaji: Kuhakiki Ramani za Mito Kwenye Tambarare

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye shida inayofanana: wana ramani ya mito kwenye kompyuta, ardhi yao ni tambarare, na hawajui waiamini kwa kiasi gani. Tumezijibu pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Kwenye tambarare, mteremko wa mto huwa mdogo kuliko kosa la vipimo vya mwinuko vilivyotumika kuuchora.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepakua ramani ya mito iliyotengenezwa kwa data za mwinuko za setilaiti. Milimani iko vizuri. Nikifika kwenye uwanda naona vijito vingi vilivyonyooka, sambamba kama vimepigwa rula, na wenyeji wanasema hawajawahi kuviona. Vimetoka wapi? *Mchora ramani wa kujitolea*

JIBU: Vijito hivyo ni kazi ya kompyuta, ardhini havipo.

Data nyingi za bure za aina hiyo zinatokana na SRTM, safari ya chombo cha anga Endeavour ya Februari 2000, iliyopima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada ndani ya siku 11. Kila pikseli, yaani kijimraba kimoja cha data, ina upana wa mita 30 hivi, na kimo chake kimeandikwa kwa mita kamili, bila desimali. Sasa chukua mto unaoshuka sentimita 10 kwa kila kilomita, jambo la kawaida kwenye uwanda. Ili ushuke mita moja lazima uende kilomita 10, yaani pikseli zaidi ya 330 mfululizo. Kwenye data, pikseli zote hizo zitakuwa na namba ileile, au zitapanda na kushuka mita mbili tatu ovyo kwa sababu ya makosa ya rada.

Programu ya kuchora mito haina ruhusa ya kusema "hapa sijui". Kwanza inajaza kila shimo mpaka maji yafurike ukingoni, hivyo shimo linageuka uwanja ulio sawa kabisa. Kisha inafuata kanuni inayojulikana kama D8: kila pikseli lazima imkabidhi maji jirani mmoja kati ya wanane. Pasipo na jirani aliye chini, inachagua njia fupi ya kuelekea mahali pa kutokea. Kwa kuwa majirani wako pande nane tu, mistari inakwenda kaskazini, mashariki au kwa nyuzi 45, mmoja kando ya mwingine.

Mtihani wa kwanza ni huu, na hauhitaji kutoka nje ya ofisi. Chukua data za mwinuko zilizojazwa mashimo, utoe zile za asili ambazo hazijajazwa. Popote jibu linapozidi sifuri, hapo programu ilijaza, na kila mstari unaopita hapo ni wa kubahatisha. Paka sehemu hizo rangi nyekundu, kisha weka mito juu yake. Kwa maoni yetu hii ndiyo ramani inayopaswa kutengenezwa kabla ya nyingine zote, na inasikitisha jinsi inavyorukwa.

Mtihani wa pili: pima mwelekeo wa kila kipande kinachozidi kilomita moja. Vipande vingi vikiangukia nyuzi 0, 45, 90 au 135 barabara, vitilie shaka. Angalia tu usije ukafuta mifereji ya umwagiliaji, ambayo nayo hunyooka. Mfereji wa kweli una banio mwanzoni, una tuta la udongo uliochimbwa pembeni, na hupinda kwenye mipaka ya mashamba.

Kuna chanzo kingine cha mito hewa. Programu huanzisha kijito pale pikseli zinazochangia maji zinapofikia idadi fulani. Ukiweka 1,000 kwa pikseli za mita 30, kila eneo la kilomita za mraba 0.9 litazaa kijito, hata kama udongo ni mchanga unaomeza mvua yote. Idadi inayofaa mlimani haifai uwandani. Ipandishe hatua kwa hatua mpaka vichwa vya vijito vikaribiane na vile unavyoviona kwenye picha.

SWALI: Mto wetu umezungukwa na msitu. Kwenye ramani mstari wake unatoka mtoni na kukimbia kwenye mashamba jirani, mita mia kadhaa pembeni, halafu unarudi. Na palipo na barabara ya tuta, mto unaifuata barabara. Nini kimetokea? *Afisa wa bonde la mto*

JIBU: Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Rada ya SRTM ilitumia mawimbi ya sentimita 5.6, ambayo hayafiki chini ya msitu mnene; hurudishwa na majani na matawi ya juu. Miti ya mita 15 kando ya mto imeingia kwenye data kama ardhi iliyoinuka, kwa hiyo mto wenyewe umekuwa tuta na shamba lililo wazi limekuwa bonde. Maji ya kompyuta yakaenda shambani. Dalili ndiyo hiyo uliyoieleza: mstari sambamba na mto, unaorejea pale msitu unapokatika. Tumia data zilizoondolewa miti, kama MERIT au FABDEM, kisha chora upya na ulinganishe. FABDEM ina masharti ya matumizi yasiyo ya kibiashara, kwa hiyo soma leseni kabla ya kuiingiza kwenye kazi ya kulipwa.

Kwa barabara, tuta la mita mbili ni bwawa kamili kwenye nchi inayoshuka sentimita 10 kwa kilomita. Data za mwinuko hazioni kalavati lililo chini ya lami. Kusanya majira (namba za mahali) ya kila daraja na kalavati, kisha ukate njia kwenye data hapo hapo, ukishusha pikseli za tuta mpaka kimo cha upande wa chini. Usitumie kujaza mashimo kama dawa ya kosa hili. Ukijaza, maji yatapanda nyuma ya tuta na kutafuta njia mpya mbali kabisa na mto.

SWALI: Nimeambiwa nitoe asilimia ya usahihi wa ramani ya mito ya wilaya nzima. Nina kompyuta, intaneti ya wastani na siku chache za kwenda uwandani. Nianzie wapi? *Mtaalamu wa takwimu za kijiografia*

JIBU: Anza kwa kuuliza ramani ilitengenezwaje, kwa sababu hilo litakuambia usiipime kwa kutumia nini. Watengenezaji wengi huchimba mito inayojulikana ndani ya data za mwinuko kabla ya kuchora, ili mistari ilazimike kupita humo. HydroSHEDS, ramani ya mito ya dunia, imefanyiwa hivyo. MERIT Hydro, nyingine ya aina hiyo, imetumia maji yaliyoonekana na setilaiti za Landsat pamoja na njia za maji za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Ukiipima MERIT Hydro kwa kutumia OpenStreetMap utapata alama nzuri, lakini umelinganisha kitu na mzazi wake. Rejea, yaani mito unayoilinganisha na ramani, lazima iwe huru.

Rejea unayoweza kuitengeneza mwenyewe inatokana na picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10. Gawa eneo lako katika aina za ardhi: uwanda wazi, msitu, kinamasi, mashamba. Ndani ya kila aina chagua kwa kura miraba ya kilomita 2 kwa 2. Jumla ya miraba 30 ni mwanzo mzuri. Usichague iliyo karibu na barabara kwa sababu tu inafikika, maana watu huchora vizuri zaidi wanapopita. Zima leya ya ramani unayoipima, kisha chora mito unayoiona kwenye picha, kwa kipimo kimoja, tuseme 1:10,000. Ukiiacha leya ile wazi jicho litaufuata mstari hata pasipo na mto.

Geuza leya zote ziwe kwenye mfumo wa mita, kwa mfano UTM. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: mtu anaomba ukanda (eneo linalozunguka mstari kwa umbali uliowekwa) wa 30 akiwa bado kwenye nyuzi, na programu inampa ukanda wa nyuzi 30, wakati nyuzi moja ni kilomita 111 hivi.

Sasa upana wa ukanda. Ukikadiria kosa la picha mita 10, la mkono wako mita 10 na la pikseli za ramani mita 30, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, toa kipeuo cha pili: inakuja mita 33. Tumia 35 kila upande. Kisha piga hesabu mbili, na usikubali kutoa moja bila nyingine. Ya kwanza: urefu wa mistari ya ramani iliyo ndani ya ukanda wa rejea, gawa kwa urefu wote wa ramani. Huo ni ukweli wa mistari iliyochorwa. Ya pili: urefu wa rejea ulio ndani ya ukanda wa ramani, gawa kwa urefu wote wa rejea. Huo ni ukamilifu.

Mfano wa mraba mmoja: ramani ina kilomita 12.4 za mito, na 7.1 zimo ndani ya ukanda, sawa na asilimia 57. Rejea ina kilomita 9.6, na 6.9 zimepatikana, asilimia 72. Tafsiri yake ni kwamba ramani imekosa zaidi ya robo ya mito ya kweli, na papo hapo imebuni kilomita 5.3. Mtu aliyetoa asilimia 72 peke yake angeificha nusu ya habari.

Mambo matatu hupotosha hesabu hii. Mto wa uongo ukiukata wa kweli utapata zawadi ya mita 70 kwa kupita tu ndani ya ukanda, kwa hiyo ondoa vipande vilivyomo vyenye urefu chini ya mita 100. Mto mpana uliochorwa kingo mbili uufanyie mstari wa katikati kwanza. Na unapounganisha miraba, jumlisha kilomita kisha ugawanye. Ukitafuta wastani wa asilimia, mraba wenye kijito cha mita 400 utahesabika sawa na wenye kilomita 20.

Siku zako za uwandani zitumie kwa yale ambayo picha haikuamua. Weka nukta kwa kura juu ya mistari ya ramani, uende ukaangalie kama mto upo. Kwa nukta 100, ukikuta 85 ni kweli, jibu halisi liko kati ya asilimia 78 na 92 hivi. Kwa nukta 30 na matokeo yaleyale, ni kati ya 72 na 98, ambayo haimsaidii mtu kuamua lolote. Kila nukta iandikiwe majira, upana, urefu wa kingo, kama kuna maji, maji yanaelekea wapi, na picha mbili: moja ya juu ya mto na moja ya chini. Simu ya kawaida hukosea mita tano hivi kwenye uwazi, na zaidi chini ya miti.

SWALI: Mto kwenye ramani uko mita 300 kaskazini ya pale GPS inaponiambia. Mito yote imehama hivyo hivyo. *Mpima ardhi*

JIBU: Ikiwa yote imehama kwa umbali mmoja na upande mmoja, tatizo ni datumu, yaani msingi wa kupimia majira. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84. Tofauti ya hizo mbili ni takriban mita 300, sehemu kubwa yake kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Usiburute leya kwa mkono. Iambie programu datumu ya asili, kisha ugeuze. Baadaye pima vitu vigumu visivyohama, kama nguzo za daraja au makutano ya barabara, visipungue vinne vilivyotawanyika pembe zote. Kosa likibaki kubwa kona moja tu, karatasi ilipindika wakati wa kuskaniwa, na hapo kugeuza datumu hakutoshi.

SWALI: Kwetu mto unagawanyika mara mbili na mikono yote ina maji. Ramani ina mmoja tu. Halafu mshale wa mkono huo unaelekea huko maji yanakotoka! *Mwalimu wa jiografia*

JIBU: Kanuni ya D8 hairuhusu pikseli kuwa na njia mbili za kutokea, kwa hiyo ramani iliyotokana nayo haiwezi kuonyesha mto unaogawanyika. Delta ya Okavango, na mto Casiquiare wa Venezuela unaochota maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, haviwezi kutoka sawasawa kwa njia hiyo hata data ziwe nzuri namna gani. Mkono wa pili unachorwa kwa mkono, ukiunganishwa kwenye nukta moja na wa kwanza.

Ukishauongeza, kagua maungio. Itake programu ikuonyeshe kila mwisho wa mstari ambao maji yanaingia na hayatoki. Mwisho halali ni bahari, ziwa, kinamasi au mchanga unaoyameza maji. Mingine ni makosa: pengo la nusu mita lisiloonekana mpaka uvute karibu sana, au mistari miwili inayokutana bila nukta ya pamoja.

Kuhusu mwelekeo, kwenye tambarare usiuchukue kutoka kwenye data za mwinuko kabisa. Nenda mtoni. Jani linalosukumwa na upepo litakudanganya. Tumia chupa ya plastiki iliyojazwa maji mpaka ibaki shingo tu juu, uifunge kizibo, uitupe katikati ya mkondo na kuifuata kwa umbali wa mita 10 uliopimwa kwa kamba. Pasipo na maji, tazama majani makavu yaliyolala chini, ncha zake zinaonyesha maji yalikoelekea. Takataka hukwama upande wa juu wa nguzo za daraja, na mchanga hujilundika upande wa chini wa kisiki. Bado una shaka? Pima usawa kwa vifaa vya mpima ardhi, kwenda na kurudi, kosa la kufunga (tofauti ya kimo ukirudi ulikoanzia) lisizidi milimita 12 kwa kilomita moja. Kwa mteremko wa sentimita 10 hiyo inatosha.

Kumbuka pia kwamba ipo mito inayogeuka kweli. Tonle Sap wa Kambodia hurudi nyuma kila mwaka mafuriko ya Mekong yanapoufikia. Waulize wenyeji mtoni maji yanaelekea wapi wakati wa kujaa na wakati wa kupungua, kama maswali mawili tofauti. Majibu yakitofautiana, weka alama ya mwelekeo unaobadilika badala ya kulazimisha mshale mmoja.

SWALI: Picha ya setilaiti haionyeshi maji pale ramani inapoonyesha mto. Niufute? *Mchora ramani wa kujitolea*

JIBU: Usiufute kwa picha moja. Tafuta picha za mwisho wa mvua, katikati ya kiangazi na mwisho wa kiangazi, kwa miaka isiyopungua mitatu. Kielezo cha maji cha NDWI, yaani bendi ya kijani toa ya infraredi ya karibu, gawa kwa jumla yake (bendi 3 na 8 za Sentinel-2), huona maji yaliyo wazi tu. Maji yaliyofunikwa na mafunjo hayaonekani, na kijito chenye upana chini ya mita 10 humezwa na pikseli. Kwa kijito cha namna hiyo tafuta utepe wa kijani mwishoni mwa kiangazi, nyasi za pembeni zikiwa zimekauka. Kwa kinamasi jaribu rada ya Sentinel-1: maji wazi huonekana meusi, lakini mimea iliyosimama ndani ya maji mara nyingi hung'aa kuliko kawaida, kwa sababu wimbi hugonga maji, kisha shina, ndipo hurudi.

Kinyume chake nacho kipo. Mkondo wa zamani uliohamwa na mto huonekana kwenye picha kama mto kabisa, na mapinda yake yote. Utautambua kwa ncha zilizozibwa na kwa mashamba yanayoupita katikati. Angalia pia tarehe: mstari uliotokana na data za mwaka 2000 unaweza kuwa ulikuwa sahihi siku ile, mto ukakata njia baadaye. Hilo liandike kama mabadiliko, usilihesabu pamoja na makosa ya uchoraji.

SWALI: Nikitumia data zenye desimali, au zenye pikseli ndogo zaidi, shida hizi zitaisha? *Mwanafunzi wa uhandisi wa maji*

JIBU: Zitapungua, haziishi. Seti ya data za mwinuko ya Copernicus GLO-30, iliyotokana na setilaiti za TanDEM-X kati ya 2011 na 2015, ina desimali, lakini kosa lake linalokubalika ni chini ya mita 4 kwa asilimia 90 ya nukta, na kati ya nukta mbili za eneo moja kwenye ardhi ya mteremko mdogo ni chini ya mita 2. Mita 2 ni mteremko wa kilomita 20 za mto wetu wa mfano. Desimali zinaonyesha namba iliandikwaje; hazisemi imepimwa vizuri kiasi gani.

Laida ya ndege, yaani kupima mwinuko kwa miale ya leza, yenye kosa la sentimita 10 hadi 15, ndiyo inayobadilisha kazi kweli. Hata hivyo mihimili mingi ya laida humezwa na maji, hivyo kitako cha mto hakimo, na madaraja lazima yaondolewe kabla ya kuchora. Kama huna laida, usitumie fedha kwa pikseli ndogo. Tafuta vipimo vya maji yenyewe: setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima kimo na mteremko wa uso wa maji kwenye mito yenye upana wa kuanzia mita 100 hivi. Kwa mito midogo, weka vijiti vya kupimia kimo cha maji kila kilomita chache, uviunganishe kwa GPS ya wapimaji yenye kituo cha msingi, uvisome vyote siku moja wakati mto haupandi wala haushuki.